Kosa la Ismay Halikuwa Kupanda Mashua



Mwezi wa Septemba kwetu sisi si mwezi wa kawaida. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander I, mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kikapinduka kivuko cha MV Nyerere karibu kabisa na gati ya Ukara, Ziwa Victoria. Na wenyeji wetu hapa Sweden nao wana yao ya mwezi huo huo: tarehe 28 Septemba 1994 meli ya Estonia, ikitoka Tallinn kuja Stockholm, ilizama usiku na watu 852. Kwa hiyo kila Septemba tukikutana hapa Hagsätra, iwe kwenye hitima au kwenye chai tu ya Jumapili, mazungumzo huishia baharini. Na kila mwaka bila kukosa hutokea mtu akasema: "Wenye meli wetu wote ni akina Ismay tu." Watu wanatikisa vichwa, mada inafungwa, tunagawana maandazi.

Leo naomba tuifungue hiyo mada. Naona tunalitumia jina la Ismay vibaya, na kwa kulitumia vibaya tunawasaidia wale wale tunaodhani tunawalaani.

Kwa ambao wanamjua kwa filamu tu: Joseph Bruce Ismay alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya meli ya White Star Line ya Liverpool. Baba yake, Thomas Ismay, ndiye aliyeinunua bendera ya kampuni hiyo mwaka 1868 na kuikuza. Mzee alifariki 1899, mtoto akashika. Mwaka 1902 kampuni ikaingia mikononi mwa tajiri wa Marekani J. P. Morgan, na mwaka 1904 Ismay akawa rais wa muungano mzima wa kampuni hizo za meli. Aprili 1912 alipanda Titanic katika safari yake ya kwanza. Usiku wa tarehe 14 meli ikagonga jabali la barafu, na saa nane na dakika 20 za usiku wa kuamkia tarehe 15 ikazama. Walikuwemo watu kama 2,200 na walikufa kama 1,500. Ismay hakufa. Aliingia katika mashua ya kukunjwa iitwayo C, moja ya mashua za mwisho kushushwa, akaokolewa na meli ya Carpathia, akafika New York akiwa hai.

Basi hapo ndipo alipokufa kwa namna nyengine. Magazeti ya Hearst yalimgeuza jina, Bruce ikawa Brute, yaani mnyama. Seneta William Alden Smith akafungua uchunguzi tarehe 19 Aprili, siku moja tu baada ya Carpathia kufunga gati, na shahidi wa kwanza kabisa kukaa kitini alikuwa Ismay. Dunia nzima ikauliza swali moja: kwa nini wewe uko hai? Mwaka 1943 hata Wajerumani wa Hitler wakatengeneza filamu ya Titanic wakamfanya yeye ndiye shetani, ili kuonesha ubaya wa matajiri wa Kiingereza. (Goebbels anatufundisha huruma kwa maskini, subhanallah!) Filamu ya 1997 ndiyo hiyo sote tumeiona mara kumi kumi, na tunakumbuka lile jicho lake la aibu akikaa ndani ya mashua.

Sasa tuingie kwenye shitaka lenyewe. Shitaka la kwanza, ambalo ndilo maarufu, ni kwamba aliingia mashuani wakati wanawake na watoto walikuwa bado juu ya meli. Hili tulitazame kwa utulivu. Tume ya Uingereza chini ya Lord Mersey ilitoa ripoti yake tarehe 30 Julai 1912. Mersey alisema kwamba Ismay alikwisha saidia abiria wengi kupanda mashua, kwamba mashua hiyo ilikuwa inashushwa, kwamba hapakuwa na mtu mwengine pale karibu, na kwamba angebaki angeongeza tu roho moja, yake mwenyewe, kwenye hesabu ya waliokufa. Wapo mashahidi waliosema vyengine. Usiku ule kulikuwa na kiza na fujo, na kila mmoja aliona upande wake.

Lakini hebu mimi niulize, mimi ambaye kazi yangu ni kukaa na watu wanaotaka kufa na watu wanaotaka kupona. Mtu akiona nafasi ya kuishi akaishika, hilo ni kosa gani? Nani kati yetu, nafasi iko wazi na mashua inateremka, angesimama akajifunga shali shingoni akasubiri maji? Anayesema "mimi" hajawahi kumuona binadamu roho inapomfika hapa kooni. Na hiyo aibu ya kuwa hai si ya Ismay peke yake. Mjapani Masabumi Hosono, mtumishi wa serikali, abiria wa daraja la pili, naye aliokoka, akarudi kwao akakuta lawama na kazi imekwenda. Kosa lake? Hakufa.

Na nikupeni jengine la hapa hapa tunapoishi. Ndani ya Titanic alikuwemo kijana wa familia ya kitajiri ya Kiswidi, Mauritz Björnström-Steffansson, daraja la kwanza. Wakati maji yanafika kwenye sitaha, yeye na mwenzake Muingereza Hugh Woolner waliruka wakaingia katika mashua ya D iliyokuwa inashushwa. Waliruka, hawakupanda! Aliishi, akatajirika New York, akafariki 1962 akiwa mzee. Na alipodai fidia, alidai dola 100,000 kwa ajili ya mchoro wa rangi wa msanii Blondel uliozama na meli, na hilo ndilo dai kubwa kuliko yote kwa kitu kimoja. Muulize Mswidi yeyote kwenye treni namba 19 kama anamjua mtu huyo. Hamjui. Hana filamu wala tusi linalobeba jina lake. Basi kama kosa ni kuruka mashuani, mbona mmoja kalaaniwa miaka zaidi ya mia, na mwengine kasahauliwa? Maana yake hata sisi wenyewe tunajua ndani ya nyoyo zetu kwamba kosa si kuruka. Tunamchukia Ismay kwa jambo jengine, ila hatujakaa kulitaja.

Hapa sasa wanakuja watetezi wake, na hawa nao wamekuwa wengi siku hizi. Wanasema: mnaona, tume ilimsafisha, alisaidia abiria, magazeti yalimuonea, masikini ya Mungu. Wanaongeza kwamba alitoa pauni 10,000 kuanzisha mfuko wa wajane wa mabaharia, na kwamba kujiuzulu kwake mwaka 1913 kulikuwa kumepangwa kabla ya ajali. Yote kweli. Wanamalizia: basi Ismay hana hatia.

HAPANA! Hawa nao nawakataa. Wamemshindia kesi ya mashua, wakajifanya wameshinda kesi zote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini haki yake ni hiyo hiyo ya mashua, haizidi hapo. Kesi yake ya kweli haikutokea usiku ule juu ya sitaha. Ilitokea ofisini, miaka miwili na mitatu nyuma, mchana, watu wamekaa vitini, chai iko mezani.

Tizameni. Titanic ilikuwa na mashua 20, zenye nafasi za watu 1,178. Meli yenyewe ikijaa abiria na wafanyakazi inakaribia watu 3,300. Yaani hata siku ile ya kwanza ya kuchora, kila mwenye kujua kujumlisha alijua kwamba zaidi ya nusu ya watu hawana pa kukaa. Na hii haikuwa kuvunja sheria! Sheria ya Uingereza ya 1894 ilisema meli ya zaidi ya tani 10,000 iwe na mashua 16. Ilipotungwa, meli kubwa iliyokuwa ikisafiri haikufika tani 13,000. Titanic ilikuwa tani elfu 46. Sheria ilibaki pale pale imelala miaka 18, na wizara ya biashara iliyokuwa na kazi ya kuiamsha ilikuwa inaiimbia usingizi.

Vile vyuma vya kushushia mashua vya Titanic vilibuniwa na Mswidi, mhandisi Axel Welin, na viliweza kubeba mashua zaidi ya moja kila pahala. Mchoraji mkuu wa kiwanda, Alexander Carlisle, alikuwa na michoro ya mashua hadi 64. Aliieleza tume kwamba michoro ilipelekwa kwenye vikao na wakubwa wa White Star, Ismay akiwemo, vikao vya masaa, mazungumzo mengi yakiwa ya mapambo ya ndani ya meli. Na mashua? Mashua, alisema Carlisle, zilichukua dakika tano au kumi.

Dakika tano au kumi. Hapo ndipo walipokufa wale watu 1,500, jamaa zangu. Barafu ilikuja kumalizia tu.

Halafu iko habari ya telegramu. Jumapili ile mchana, tarehe 14, meli ya Baltic ilileta onyo la barafu kwa simu ya upepo. Nahodha Smith akampa Ismay ile karatasi, naye akaitia mfukoni, akawaonesha mabibi wawili wa daraja la kwanza. Jioni nahodha ndiyo akaiomba irudi ili ikabandikwe. Mbele ya tume Ismay alishikilia kwamba yeye alikuwa abiria tu kama abiria wengine. Abiria? Abiria gani anapewa na nahodha telegramu ya hatari akatembea nayo mfukoni kama leso? Abiria gani anakaa na fundi mkuu wa mitambo bandarini Queenstown wakipanga ni siku gani meli itafunguliwa mwendo wote? Hilo la fundi alikiri mwenyewe. Na bibi mmoja wa daraja la kwanza alikula kiapo 1913 kwamba alimsikia akimwambia nahodha jinsi watakavyoishinda safari ya kwanza ya Olympic. Mersey alisema kuwepo kwake hakukumsukuma nahodha. Sawa, tuseme hakutoa amri. Bosi akikaa kiti cha mbele, dereva haambiwi kitu, anajua mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye nchi za "bosi amesema" hatuhitaji tume kutufahamisha hili.

Kwa hiyo mashitaka mazito yapo. Lakini nani aliyashika? Wote walikuwa wameshughulika na suruali ya Ismay, iliingiaje mashuani. Hasira ya dunia nzima ilimwagwa juu ya mtu mmoja, kuhusu dakika moja ya maisha yake, na wakati huo huo mambo makubwa yakapita kimya kimya mlango wa nyuma.

La kwanza, tume ya Mersey iliundwa kwa maombi ya wizara ile ile ya biashara iliyoacha sheria ya mashua ilale. Mshitakiwa kaita hakimu. La pili, katika abiria wa daraja la tatu walinusurika 178 kati ya 706, na wa daraja la kwanza 203 kati ya 325. Watoto wa daraja la tatu walikuwa 79 na walikufa 52. Baada ya hesabu kama hiyo, tume ya London haikumwita hata shahidi mmoja abiria wa daraja la tatu! Halafu ikaamua kwamba daraja la tatu hawakubaguliwa. Miongoni mwao walikuwemo Waswidi zaidi ya mia, wakulima na watumishi wa ndani wanaokimbia njaa, watu kama sisi kabisa, ila wao walikuwa wanatoka huku na sisi tumekuja huku. La tatu, kampuni ilikwenda mahakama za Marekani kuomba dhima yake ipunguzwe kisheria, na mwaka 1914 mahakama kuu ikakubali kwamba ina haki ya kuomba hivyo. Madai yalikuwa zaidi ya dola milioni 16. Yakamalizwa kwa dola kama 664,000, wote kwa pamoja. La nne, na hili mimi ndilo linalonichoma zaidi, mishahara ya mabaharia ilikatwa tokea dakika meli ilipozama. Kazi imekwisha, malipo yamekwisha, aliyeko majini ajitegemee.

Yote hayo yalikuwa halali na kwa mihuri. Nayo yalipita kwa sababu watu walikuwa wamekwisha pata pa kutemea mate.

Hapa naomba niseme kidogo la kazini kwangu. Muuguzi yeyote Sweden anaijua Lex Maria. Jina hilo limetokana na hospitali ya Maria, Södermalm, hapa hapa Stockholm, ambapo mwaka 1936 wagonjwa wanne walikufa baada ya kudungwa sindano ya sumu ya kuulia vijidudu badala ya dawa ya ganzi. Mwaka uliofuata ikawekwa sheria: madhara makubwa yakitokea hospitalini, lazima hospitali yenyewe ipeleke taarifa kwa wasimamizi wa nje. Siku hizi taarifa hizo zinakwenda kwa mamlaka iitwayo IVO. Swali la kwanza linaloulizwa siku hizi ni lile dogo na la kuudhi: ilikuwaje hata ikawezekana? Chupa iliwekwa wapi, nani aliagiza, nani alikagua, zamu ilikuwa na watu wangapi. Aliyeshika sindano naye anajibu yake, lakini mlango wa ofisi ya mkubwa unagongwa pia. Si kwamba Waswidi ni malaika. Kwa ile Estonia, tume ya nchi tatu ilieleza jinsi mdomo wa mbele wa meli ulivyong'oka, na miaka yote hii hakuna aliyefungwa, na mwaka 2019 mahakama ya Nanterre, Ufaransa, ilikataa madai ya fidia ya manusura na wafiwa dhidi ya waliounda na waliokagua meli. Watu 852. Kwa hiyo na hapa pia ofisi zina milango mizito. Lakini angalau swali linajulikana.

Sasa turudi kwetu, maana huku ndiko nilikokuwa nakwenda.

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza. Ilikuwa ya Shirika la Reli. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, ilionesha watu 443. Daraja la tatu HALIKUWA NA ORODHA. Someni tena. Mwaka 1912 kampuni ya Ismay, pamoja na uroho wake wote, ilijua jina la kila mkulima aliyelala chini kabisa ya meli. Mwaka 1996 sisi hatukujua majina ya watu wetu wenyewe ndani ya ziwa letu wenyewe, na ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makisio. Walishitakiwa maafisa tisa wa shirika, akiwemo nahodha na meneja wa idara ya meli. Watu wakasubiri hukumu kama wanavyosubiri fainali. Orodha ya daraja la tatu nani aliisubiri?

Tukaja Spice Islander. Meli iliyoruhusiwa kubeba watu wasiofika 700. Siku za mwanzo tukaambiwa walikuwemo mamia. Ilipotoka ripoti ya tume ya Rais, Januari 2012, tukaambiwa walikuwa zaidi ya 2,400, na waliokufa na kupotea kwa pamoja ni zaidi ya 1,500. Tofauti kati ya "mamia" na "2,400" si kosa la hesabu. Ni watu waliokata tiketi, au waliotoa noti mkononi pale Malindi, wakapita mbele ya macho ya kila mwenye sare, bila ya mtu hata mmoja kuandika jina. Mimi kwetu ni Wete. Wapo watu kwetu ambao ushahidi pekee kwamba walipanda meli ile ni kwamba hawajaonekana tena. Wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini, wakashindwa na kina na mkondo. Kwa hiyo hakuna mwili, hakuna jina kwenye karatasi, na mjane anaulizwa: una uthibitisho gani?

Na hatukukaa hata mwaka. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Waziri aliyehusika na usafiri Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, na nampa heshima yake kwa hilo, maana kwetu kujiuzulu ni kama kuona theluji Micheweni. Lakini ondokeni kwa waziri mtizame meli. Ilikuwa boti ya Marekani, ya jimbo la Washington, iliyojengwa kwa maji yao ya ghubani, wakaichoka wakaiuza. Nani aliisajili kwa bahari yetu ya kusi? Sahihi ya nani iko pale chini?

MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Rais Magufuli aliamuru watu wakamatwe, mkurugenzi wa TEMESA akaondolewa, bodi ikavunjwa. Fundi mmoja alitolewa hai baada ya siku mbili ndani ya kivuko kilichopinduka, na wakati nchi nzima inashukuru, kulikuwa na ndimi zilizokwisha anza: "mbona mfanyakazi kapona na abiria wamekufa?" Mnaona ugonjwa wetu? Mtu katoka kaburini, tunamuuliza katokaje! Hatumuulizi aliyeweka kivuko cha watu 101 kwenye njia ambayo siku ya gulio inajulikana wazi itakuwa na watu mara mbili na zaidi.

Nawajua watakaonijibu. Mmoja atasema: dada unatetea matajiri. Ndugu yangu, mimi nataka tajiri ashitakiwe zaidi kuliko unavyotaka wewe. Wewe unataka umuaibishe kwa kuwa hai. Aibu ni rahisi kwake, atajifungia nyumbani kama Ismay, atakwenda zake shamba kuvua samaki Ireland, na atakufa kitandani London mwaka 1937 kama alivyokufa. Mimi nataka alete mafaili. Nataka barua za ukaguzi, mikataba ya ununuzi, kumbukumbu za kikao kilichozungumza mashua kwa dakika tano.

Mwengine atasema: ni kadari, tusiseme mengi, tuwaombee. Tuwaombee, ndiyo, na mimi naomba. Lakini kadari haikuuza tiketi 2,400. Ajali inapotokea tu, mkubwa wa kwanza kushika kipaza sauti husema "ni mapenzi ya Mungu, tuwe na subira." Wallahi sijapata kusikia mfiwa akisema hivyo kwa ulimi wa namna ile. Mfiwa husema hivyo akilia. Yule husema akitizama saa.

Na wa tatu, huyu ndiye mwenye hoja, atasema: hayo ya ofisini hayathibitiki, mafaili yamepotea, mashahidi wamekufa, ndiyo maana watu wanamshika aliyepo. Nakubali ni vigumu. Lakini Carlisle alikaa kitini akasema dakika tano au kumi kwa sababu kuna mtu aliuliza swali hilo. Wakili aliuliza. Asingeuliza, leo tungekuwa na ile suruali tu. Na matokeo yake si madogo: Januari 1914 mataifa yalitia saini London mkataba wa usalama wa baharini, kwamba kila aliyemo melini awe na nafasi mashuani. Hicho ndicho kitu pekee kilichowafaa waliokuja baada ya wale 1,500, na hakikutoka kwenye matusi ya magazeti ya Hearst hata neno moja.

Basi Septemba hii tutakutana tena, inshaallah. Nimewaomba wenzangu hapa Hagsätra tufanye jambo moja tu kabla ya maandazi. Kila mwenye mtu wake aliyepotea na Spice Islander aje na jina kamili, jina la baba na babu, mtaa, umri, na nani alimsindikiza bandarini. Tunaandika. Ndugu zetu wa London, Toronto na Muscat nawaomba wafanye vile vile kwao. Tulio nje tuna nafasi ambayo walio nyumbani wengine hawana: hatuogopi kazi zetu kwa kuandika orodha. Wa Ukerewe na Bukoba nao waandike yao. Tukishapata majina tutayapeleka Vuga na Dodoma tukiwa na swali moja lililoandikwa juu ya ukurasa: ripoti ya tume iliyosema 2,400, orodha yake ya majina iko wapi?

Nawasilisha.